Ukurasa wa Kituo cha Pili

Nilipaswa kukataa. Mratibu wa mafunzo alikuwa amesimama mlangoni pa stoo ya dawa, kitabu cha mwanafunzi akiwa amekwisha kukifungua kwenye ukurasa wa kituo cha pili, na kalamu aliyoninyooshea ilikuwa yake. Ningeweza kumwambia kwamba ukurasa ule haunihusu. Mwenye ukurasa yuko Ruangwa, ameukataa kwa sababu zake, na huyo aliyeukataa ni binti yangu wa kumzaa. Maneno hayo nilikuwa nayo kinywani. Nilichukua kalamu nikaandika jina la ukoo wetu, hivyo hivyo nilivyozoea kuliandika kwenye kadi za stoo, nikamrudishia kitabu chake. Kufungua boksi moja la glavu kunachukua muda mrefu kuliko ule.

Mimi si mfamasia. Nilimaliza kidato cha nne, nikafundishwa kazi ya stoo ya dawa nikiwa bado kijana, nikaifanya hospitalini hapa Nachingwea mpaka nikastaafu. Kisha waliniita tena kwa mkataba, kwa sababu waliyemleta badala yangu hakukaa. Dawa naijua kwa boksi lake, kwa tarehe yake ya mwisho na kwa mahali pake kwenye rafu. Mgonjwa sikuwahi kumjua sana. Mgonjwa alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye dirisha la kutolea dawa, na watu wa dirishani niliwaona kama watu wa maneno mengi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndiko kosa lilikoanzia.

Wanafunzi wa famasia wamekuwa wakija huku miaka mingi kujifunza kazi kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Zamani kila chuo kilikuja kivyake. Vilikuwa vyuo vitatu, na kila kimoja kilikuwa na kitabu chake cha mwanafunzi, kimoja kirefu kama daftari la shule, kingine kurasa sita tu. Vyote vitatu viliwaleta watu wao mwezi mmoja, bila kuulizana. Nimewahi kuwa na wanafunzi saba wamezunguka mzani mmoja, wawili wakipima na watano wakitazama simu. Miezi mingine ilipita hapaji mtu. Mwalimu wa chuo akija kukagua, aliwatazama wa kwake tu na wale wengine akawapita kama viti.

Halafu wakubwa wa vyuo hivyo walikutana, ukumbini hapa hapa Nachingwea, nasi tuliokuwa tukiwapokea wanafunzi tukaalikwa. Tulikunywa chai na maandazi. Walikubaliana jambo zuri, na mpaka leo naliona zuri. Kitabu kiwe kimoja kwa vyuo vyote, kalenda iwe moja, na mwalimu wa chuo chochote akija awakague wanafunzi wote. Kila mwanafunzi akae wiki nne Nachingwea ajifunze stoo, kisha wiki nne Ruangwa ajifunze dirisha. Mihuri waliiondoa, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakipoteza siku nyingi kuisubiri ofisini. Saini ya msimamizi ingetosha. Asiyetiwa saini kwenye kituo, angerudia wiki nne za kituo hicho.

Msimamizi wa kituo cha kwanza nikawa mimi. Msimamizi wa kituo cha pili akawa binti yangu, ambaye alisoma dawa mpaka diploma na alikuwa akifanya kazi Ruangwa. Hakuna aliyepanga kwamba tuwe baba na mtoto. Watu wa dawa katika wilaya mbili hizi hawakuwa wengi, basi. Niliandikiwa barua yenye nembo tatu juu, na chini yake cheo: Msimamizi wa Mafunzo. Niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa shati, na mke wangu akaniuliza kama naogopa itanyeshewa na mvua.

Siku moja nilikwenda Ruangwa kufuata maboksi ya maji ya dripu tuliyoazimwa, nikamkuta binti yangu dirishani. Mbele yake alikuwa mama mtu mzima wa Chinongwe, kanga imefungwa mpaka kidevuni. Huku kwetu Kiswahili wengi tumekipata shuleni na sokoni, na mtu mzima ambaye hakusoma anaongea Kimwera au Kimakonde nyumbani kwake. Ukimweleza dawa kwa Kiswahili cha vitabu, atakujibu neno moja: nimesikia. Analisema kwa heshima, ili asikuaibishe wewe uliyehangaika kumweleza. Atalisema hata kama hakuambulia kitu.

Mama yule naye alisema, "Haya, nimesikia."

Binti yangu akacheka kidogo. "Bibi, mimi nina mkubwa wangu pale ndani, mkali. Ataniuliza kama nimekueleza vizuri au nimeropoka. Hebu nifundishe wewe, hizi nyeupe unazinywaje?"

"Kwani wewe hujui?"

"Najua, lakini yeye haniamini."

Bibi akamhurumia. Akaanza kumfundisha, kwa mikono na kwa Kimwera kilichochanganyika, na katikati akagundua mwenyewe kwamba zile nyekundu hajui azinywe lini. Wakaanza upya. Nyuma yake palikuwa na foleni. Mimi nilisimama na maboksi yangu nikihesabu watu wale, nikawaza kwamba binti yangu anachelewesha kazi. Hata nilimwambia, tulipokuwa tukinywa soda baadaye.

"Ungeandika tu kwenye bahasha," nilisema.

"Anasoma nani hiyo bahasha, baba?"

"Wajukuu."

"Wajukuu wako Dar," alisema, akaendelea kunywa soda yake.

Kwenye kitabu cha pamoja, yeye ndiye aliyeomba mstari huo uwekwe katika ukurasa wa kituo cha pili, kwamba mwanafunzi amfanye mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na amuulize siku yake inavyokwenda: anakula saa ngapi, anashinda wapi, anafunga au hafungi. Vyuo viliukubali.

Mwanafunzi ninayemzungumzia alikuja msimu wa pili wa makubaliano. Alikuwa mtu wa karibu miaka thelathini, ana mke na mtoto. Ni wa zile familia za wafugaji zilizohamia huku na ng'ombe wao kutoka upande wa ziwa, wazazi wake wakakaa kando ya Chinongwe. Alikuwa amechunga miaka mingi kabla ya kurudi shule. Nilimpenda siku ya kwanza. Alinyanyua boksi la dripu kwa mkono mmoja, na ukimwambia mara moja kwamba dawa inayokaribia kuharibika ikae mbele, humwambii tena. Rafu zangu hazijawahi kunyooka kama wiki zile nne.

Wapakuaji wetu, vijana wa hapa hapa, walimtania kutwa. "Msukuma, unapanga maboksi kama ng'ombe zizini."

"Ng'ombe wanapangika," aliwajibu. "Nyie ndio mmenishinda."

"Wamepangika mpaka kwenye mbaazi za baba yangu."

"Mwambie baba yako ajenge uzio. Sisi kwetu mbaazi hatuzijui, tulidhani majani."

Wakacheka wote, naye akacheka. Kwa wenzake alikuwa na maneno. Lakini akija mtu mzima, mimi au fundi umeme au mama wa usafi, alishusha macho, akajibu kwa sauti ndogo na akaondoka upesi. Niliona adabu, nikaisifu. Nilimtia saini ukurasa wa kituo cha kwanza kwa alama za juu, nikampigia simu binti yangu kumwambia namletea mtu.

Baada ya wiki tatu alinipigia yeye.

"Baba, huyu mtu uliyenisifia, mikono anayo. Mdomo ndio sijauona."

"Ana haya. Mpe muda."

"Nimempa. Anamweleza mama mtu mzima mara moja, mama anasema nimesikia, naye anasema asante mama, anaita mwingine. Jana nimemfuata bibi mmoja mpaka getini, nikamuuliza, utazinywaje hizi? Akasema atauliza nyumbani."

"Si atauliza, basi."

"Nyumbani kuna nani anayejua, baba?"

Akaendelea, "Nimekaa naye, nimemwonyesha. Ananiambia kwao mtu mzima haulizwi jambo mara mbili, ni kumwona mjinga. Nimemwambia hata kwetu ni hivyo hivyo, ndiyo maana tunauliza kwa adabu. Lakini tunauliza. Hajaweza bado."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo arudie wiki nne. Si kesi hiyo, ataweza tu. Ni mtu mzuri."

Ilikuwa hivyo tu. Yeye hakuwa na hasira na mtu. Alitaka wiki nne zaidi.

Ugumu ulikuwa kwenye kalenda. Nafasi za vituo sasa zilikuwa zimegawanywa kwa vyuo vyote, na zilikuwa zimejaa mpaka mwaka mwingine. Mwanafunzi wa chuo kimoja akirudia, anakaa kwenye nafasi ya mwanafunzi wa chuo kingine, au asubiri karibu mwaka. Ndicho kilichomleta mratibu stooni kwangu. Alikuwa kijana wa tai, mwepesi wa salamu, kazi yake kuzunguka vituoni kwa niaba ya vyuo vyote vitatu.

"Shikamoo mzee wangu. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mkubwa wa mradi huu."

"Marahaba. Mkubwa wa stoo."

"Wa mradi. Wewe ndiye uliyeanza na hawa wanafunzi kabla yetu sote." Akakifungua kitabu. "Huyu mtu wako amebaki na ukurasa huu tu. Akirudia, wale wenzetu watasema kalenda imevunjwa kwa faida ya chuo kimoja. Ikivunjwa mara moja imekwisha, mzee. Tutarudi kule kule, watu saba kwenye mzani mmoja."

"Ukurasa huo wa Ruangwa."

"Vituo si ni vya pamoja? Msimamizi wa kimoja ni msimamizi wa vyote. Hapa pameandikwa msimamizi, hapajaandikwa nani."

"Binti yangu amekataa."

Akacheka, bila ubaya. "Kwani siku hizi binti ndiye mkubwa wa baba yake? Si wewe uliyemfundisha hata kuhesabu vidonge?"

Nimelirudia neno lile mara nyingi kichwani. Si kweli kwamba lilinilazimisha. Lilinipendeza. Mtu wa kidato cha nne, barua ya nembo tatu mfukoni, anaambiwa kwamba neno lake liko juu ya neno la mwenye diploma. Nilijiambia pia kwamba namhurumia mwanafunzi, ana mke na mtoto, mwaka ni mrefu. Hata huruma hiyo sikumuuliza mwenyewe kama anaihitaji. Nikaandika.

Binti yangu hakujua. Aliposikia mtu yule amemaliza na amepata kazi katika kituo kidogo cha afya, mwendo wa pikipiki kutoka Ruangwa, alinitajia kwa simu.

"Nasikia alirudia kituo kingine. Nimefurahi. Sijui walimpeleka wapi."

"Vituo vimekuwa vingi," nilisema. Nikamuuliza habari za mvua.

Miezi ikapita. Nilifanya kazi yangu. Nilipokea wengine, nikawatia saini kwenye ukurasa wangu tu, na nilikuwa mwangalifu sana kwenye ukurasa wangu.

Mwezi wa Ramadhani ukafika. Mama mmoja wa upande wa Narung'ombe, mkulima, mwenye kisukari, alikuwa akichukua vidonge vyake Ruangwa kwa binti yangu. Mwaka ule, kwa sababu ya nauli na miguu, akaanza kuchukua kwenye kile kituo kidogo cha karibu naye. Mwanafunzi wangu alimpa vidonge sahihi, idadi sahihi, tarehe yake nzuri. Mimi mwenyewe nisingeona kosa. Akamwambia asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya kula. Mama akasema nimesikia. Hakumuuliza kama anafunga.

Vidonge vile vinashusha sukari iwe umekula au hujala. Mfungaji anatakiwa apangiwe upya na daktari kabla ya mwezi kuanza, na aambiwe kwamba akianza kutetemeka afungue palepale, wala si dhambi. Mama yule alijipangia mwenyewe. Kidonge cha asubuhi alikinywa usiku wakati wa daku, na kikombe cha uji, akanuia. Siku ya nne, alasiri, alikuwa jikoni anachemsha mihogo ya futari. Akaona giza. Alianguka kwenye mafiga, mkono wa kulia ukaingia motoni, na kwa kuwa hakuwa na fahamu hakuutoa. Aliyeutoa ni mkwe wake, aliyesikia harufu.

Alipona. Mkono ulipona kwa namna yake, vidole vikajikunja na ngozi ikashikana, haufunguki tena. Habangui korosho, hapepeti. Nimekwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia mimi ni nani katika jambo hili, nikamweleza habari ya saini mpaka mwisho. Akaniambia, "Haya baba, nimesikia." Sijui alielewa nini. Sikumwomba arudie.

Uchunguzi ulifanyika, kama inavyotakiwa. Wakataka kujua mtoa dawa alifundishwa wapi na nani alithibitisha kwamba anaweza kumweleza mgonjwa. Kitabu chake cha mafunzo kikatolewa. Ukurasa wa kituo cha pili, Ruangwa, na chini, mahali pa msimamizi, jina la ukoo wetu. Na binti yangu kazini anajulikana kwa jina hilo. Mratibu alipoulizwa alisema alipokea kitabu kikiwa kamili. Simlaumu sana. Mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Binti yangu alikuja Nachingwea kwa basi la asubuhi, amefunga, vumbi kwenye nyusi. Hakupitia nyumbani kwa mama yake. Alikuja moja kwa moja stooni, akakaa juu ya boksi, akanipa simu yake. Kulikuwa na picha ya ukurasa.

"Baba, hii nini?"

Nikatafuta miwani, ingawa nilikuwa nimekwisha kuona. "Ukurasa."

"Wa kituo gani?"

"Cha pili."

"Nimeitwa mbele ya watu watano nikaonyeshwa. Nimewaambia nipeni siku chache nikaangalie kumbukumbu zangu." Akachukua simu akaiweka magotini. "Sina kumbukumbu za kuangalia. Mwandiko naujua. Nimesoma bweni miaka minne, barua zote ulikuwa unaniandikia wewe."

Nilimwambia kalenda ilikuwa imejaa. Nilimwambia habari za mwaka mzima na mke na mtoto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama anavyowasikiliza wagonjwa.

"Sikuwaambia ni wewe," alisema. "Nikisema mimi, nimemshitaki baba yangu. Ukisema wewe, ni mtu mzima amesema kosa lake, na watu watakuheshimu. Nimekuachia hiyo nafasi."

"Nitasema."

"Lini?"

"Mfungo uishe."

"Wananisubiri Ijumaa, baba."

"Nitasema," nikamwambia.

Akainuka, akakung'uta sketi. Akiwa mlangoni akauliza kama dawa zangu za presha nazinywa. Nikamwambia nazinywa. Akaondoka kuwahi basi la kurudi.

Ijumaa ilifika. Asubuhi niliandika mistari miwili kwenye karatasi nikaichana. Nilijiambia mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka, waache uishe kwa heshima. Nilijiambia yeye ni kijana, atalibeba, mimi sina miaka ya kulibeba. Hayo ndiyo niliyojiambia, nayaandika kama yalivyokuwa. Mchana nilikwenda msikitini, nikaswali, nikarudi, nikahesabu dawa za malaria. Simu yake haikuja. Sikumpigia.

Jumamosi haikuja wala Jumapili. Idd ikafika, mke wangu akapika pilau, akampigia binti yetu, wakaongea muda mrefu. Mke wangu alininyooshea simu, kisha akaisikiliza, kisha akaiweka chini. "Amesema salio linaisha," aliniambia. Hakuniangalia. Sikujua ameambiwa nini.

Nilipeleka barua siku ya kumi na moja tangu ile Ijumaa. Niliandika yote, kurasa mbili, kwa mwandiko ule ule. Nilikuta mambo yamekwisha. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya watu wale watano na walipomuuliza ana lipi la kusema, alisema hana. Walimwandikia onyo, wakamwondoa kwenye usimamizi wa mafunzo. Vyuo navyo, kwa umoja wao ule ule, vikaamua kwamba Ruangwa pasipelekwe mwanafunzi tena mpaka itakapoelezwa vinginevyo. Kituo cha pili kikahamishiwa mahali pengine ambapo, nasikia, mwanafunzi anafundishwa kuandika bahasha vizuri.

Barua yangu walipoisoma waliniita. Walikuwa na upole kuliko nilivyotarajia. Waliniambia wananishukuru kwa ukweli, wakakatisha mkataba, wakafuta onyo la binti yangu kwenye faili. Nilitoka nikiwa na bahasha yenye nakala ya kufutwa huko. Niliipeleka Ruangwa mwenyewe. Dirishani alikuwa mtu mwingine, akaniambia mwenzake ameomba uhamisho, ameondoka tangu juzi, kwani mzee hukuambiwa? Alinieleza mara moja, akaita wa nyuma yangu.

Yule mwanafunzi alikuja kuniona nyumbani baadaye. Alikuwa amesimamishwa kazi, na vyuo vilikuwa vimemruhusu arudie kituo cha pili, wiki nne zile zile, kule kwingine. Alileta maziwa kwenye kidumu. Tulikaa barazani. Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni.

"Mzee, ungeniacha nirudie," alisema.

"Ilikuwa karibu mwaka. Nilikuonea huruma."

"Mwaka si kitu. Mimi nimechunga miaka kumi." Akakisogeza kidumu kando. "Yule dada alikuwa ananifundisha. Nilikuwa nakaribia kuweza."

Mke wangu akatoka akapokea maziwa, akamshukuru, akamuuliza habari za mtoto wake, nao wakaongea.

Binti yangu yuko mkoa mwingine sasa, mbali, safari ya siku mbili. Anafanya kazi ile ile. Anampigia mama yake kila Jumapili, na mama yake akimaliza ananiambia wote wazima. Ameolewa. Kuoza kulifanywa na kaka yangu kwa niaba yangu, kwa maombi ya binti mwenyewe, na mimi nilikubali kwa kuwa sikuona mahali pa kukatalia. Amezaa mtoto wa kiume. Mke wangu amekwenda kumwona mara mbili, akarudi na picha kwenye simu, akaniachia simu mezani.

Nilimwandikia barua tatu. Hakuzirudisha wala hakuzijibu. Nilimpigia mara moja. Alipokea, akaniamkia, akaniuliza kama nazinywa dawa zangu, akanisikiliza nilipoomba msamaha, akasema, "Nimesikia, baba." Kisha akaniaga vizuri.

Watu wananiuliza msikitini kwa nini niliacha kazi, nawaambia uzee. Mke wangu haniulizi. Jioni tunakula pamoja, tunasikiliza taarifa ya habari, tunalala mapema.

Kwa saini ile, mama wa Narung'ombe alipoteza mkono wake wa kulia. Ruangwa ilipoteza mtu wa dirishani aliyejua kuwauliza wagonjwa. Mimi nilimpoteza binti yangu, na mjukuu sijamwona.